Kitufe cha Ghati

Ghati alinipigia simu asubuhi kunipa habari ya msiba, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniuliza kama ile sauti bado ninayo. Ndivyo nilivyoumbwa: mtu akiniuliza kitu, mimi nami hujiuliza anakitakia nini. Bibi Nyangi alikuwa amefariki kwa uzee, kitandani kwake, kule Nyamwaga, akiwa ameacha zizi, migomba na nyumba ya bati, nami nimeishi Tarime miaka ya kutosha kujua kwamba penye zizi na marehemu hapakosi mtu anayetafuta ushahidi. Nikajisemea, haya, yameanza upya. Nikamwambia Ghati, "Ngoja nitafute, mwanangu, hayo ni mambo ya zamani." Uongo mtupu. Sikuwa na cha kutafuta. Sauti ile ninayo kwenye simu, ninayo kwenye kikadi nilichokifunga kwenye leso ndani ya sanduku la nguo, na nyingine nilimpa mdogo wangu aniwekee bila kumwambia ni kitu gani. Nimefanya kazi na mashine umri wangu wote, ndiyo maana siziamini. Watu ndio kabisa.

Nilikaa jikoni mpaka chai ikafanya utando. Wanaonijua sasa wananijua kama mama wa duka la steshenari hapa Nyamisangura, anayechapa barua za watu na kugombana na mashine ya fotokopi. Hawajui kwamba niliwahi kuajiriwa kutengeneza michezo ya watoto wa chekechea. Ilikuwa mwaka mmoja tu. Lakini mwaka ule ulinifundisha kumtazama kila mtu mara mbili, na sijaacha, hata nilipopata sababu nzuri ya kuacha.

Mwaka ule Nyamwaga na vijiji vya jirani vilikuwa vimevurugwa na dhahabu. Mtu aliyelala maskini Jumatatu aliamka Jumanne na redio kubwa begani, na Jumatano redio ilikuwa imeshauzwa. Wanaume walikuwa mashimoni, wanawake walikuwa wakiponda mawe kwa nyundo na kuyaosha kwenye karai, na watoto wadogo walizurura katikati ya nyundo na matope. Ndipo ukaja mradi mmoja kutoka Mwanza. Ukafungua chekechea kwenye ghala la zamani la mahindi, ukamwajiri Mwalimu Wegesa, mama wa hapohapo, awafundishe watoto, ukaniajiri na mimi Zaituni, binti wa mjini niliyetoka kusoma kompyuta, nitengeneze michezo ya kuwasaidia wazoee shule. Maana walikuwa hawazoei. Walilia. Mmoja alianza getini, wa pili akadakia, mama anavuta mkono huku, mtoto ameng'ang'ania mlango kule, na yule aliyekuwa ametulia kwenye mkeka anakumbuka kwamba na yeye ana mama. Ghala lilikuwa bado linanuka mahindi na dawa ya wadudu, na kilio chao kikigonga bati kilirudi mara mbili.

Mchezo wangu nauonea fahari mpaka leo, wacha niseme. Tulikuwa na kompyuta moja ya kukunja, iliyochoka, ikila umeme wa betri ya gari, na betri ikichajiwa na sola juu ya paa. Kila mtoto alikuwa na kitufe chake kwenye kibodi, na juu ya kitufe nilibandika picha ya mnyama aliyemchagua mwenyewe. Akifika asubuhi anabonyeza. Kwenye kioo nyumba ndogo ya nyasi inafunguka, mnyama wake anatoka, na papo hapo inasikika sauti ya mtu wa kwao ikimwambia neno la asubuhi. Sauti ikiisha, mnyama anatembea mpaka kwenye darasa lililochorwa upande wa pili na kuingia. Wakishaingia wote, ngoma inapigwa, wanyama wanacheza kwenye kioo na watoto wanacheza kwenye mkeka. Bila sauti ya nyumbani mnyama haingii, anabaki mlangoni. Hapo ndipo nilipojiona fundi hasa, kwa sababu nilitaka kila mtoto aingizwe darasani na mtu wake mwenyewe.

Sasa sauti hizo ilibidi nizifuate nyumba kwa nyumba. Jaribu kuona walivyoona wao. Binti mgeni anaingia uani kwako, anatandaza waya, anachomeka kijiti ardhini cha kushikilia maiki, anaweka betri kando, halafu anawaambia watu wanyamaze. Katika mwaka wa dhahabu! Nani angeamini kwamba nimefuata sauti? Nyumba ya kwanza walinisikiliza, wakanipa maziwa, wakaniambia nirudi siku nyingine. Nyumba ya pili hawakunipa hata maziwa. Ya tatu ilikuwa ya Bibi Nyangi. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa koti la kiume na buti za mpira, ameketi kwenye kigoda mlangoni na kikopo cha ugoro mkononi. Mjukuu, nilidhani ni mjukuu, alikuwa nyuma yake: Ghati, miaka mitano, aliyekuwa analia kuliko wote shuleni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Sipimi kitu, bibi. Nachukua sauti yako, mtoto aisikie shuleni asilie."

"Sauti yangu iko hapa. Akitaka kuisikia arudi nyumbani." Akagonga kikopo, akavuta ugoro, akapiga chafya iliyowashtua kuku. "Na hicho kijiti unachomeka cha nini, kama hupimi?"

"Kinashika maiki."

"Mikono yako ina ugonjwa gani isishike?"

Nilikunja waya zangu. Nilipofika barabarani niligeuka nikamwona anapiga buti pale nilipokuwa nimechomeka kijiti, anashindilia udongo urudi ulivyokuwa.

Jioni hiyo nilimsimulia Mwalimu Wegesa. Nilipanga chumba kwake. Ukuta wa udongo kati ya chumba changu na jiko lake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua chumvi ikiisha kabla yeye hajajua. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, na mgagani uliopikwa kwa maziwa mpaka uchungu ukapungua. Wegesa alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi mtu wa maneno machache huwa namshuku. Akaniambia, "Yule si bibi yake Ghati. Ni mume wa Robhi, mama yake Ghati."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nyumba ntobhu. Hukuwahi kusikia, na umekulia Tarime? Nyangi mumewe alifariki hajamwachia mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe zizini kwake, akamwoa Robhi, nyumba isizimike. Watoto wa Robhi ni wa Nyangi. Wana jina la nyumba yake."

"Na baba yao?"

"Nimekwambia. Nyangi."

"Namaanisha mwanaume."

"Mwanaume ni mwanaume tu, Zaituni. Hakutoa ng'ombe." Akanisogezea mboga. "Kula, inapoa."

Nilikuwa nimesikia, kama kila mtu wa mjini, lakini sisi watu wa Nyamisangura tuliyasikia mambo ya vijijini kwa sikio moja. Sikujua kwamba kuna mtoto ninayempangusa kamasi kila siku ambaye nyumba yao imesimama juu ya jambo hilo.

Siku chache baadaye nilipewa sauti ya kwanza, kwa mzee mmoja ambaye mwanawe alikuwa amechagua fisi. Mzee alisema maneno mazuri, mafupi, nikamshukuru. Kesho yake nikapita pale. Pale nilipokuwa nimechomeka kijiti kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo mzee mwenyewe na kaka yake, jasho linawatoka. Akaniona, akafurahi. "Mwalimu! Tumefika kiunoni. Bado mbali?" Niliapa kwa Mungu kwamba sikupima chochote. Akanikonyeza kama mtu anayejua kutunza siri. Habari ikaenea, na tangu hapo kila mtu alitaka nije kwake na kijiti. Walisema maneno ya asubuhi kwa watoto wao harakaharaka, macho yako kwenye kijiti, na wengine waliniomba nichomeke tena kule karibu na choo. Hivyo ndivyo nilivyopata sauti za darasa zima. Mashimo yalibaki, na mvua za masika zilipokuja bata waliogelea humo.

Zote nilizipata isipokuwa ya Ghati. Bibi Nyangi ndiye mtu pekee ambaye hakutaka nipime wala nisipime. Robhi, mama wa mtoto, msichana mpole aliyerudi jioni na vumbi la mawe kwenye nyusi, alinijibu neno moja, "Mwenye nyumba akikubali." Basi kila asubuhi wanyama wote waliingia na mbuzi wa Ghati akabaki mlangoni kwenye kioo, anapepesa macho. Ngoma haikupigwa. Wenzake wakaanza kumpigia kelele, "Mbuzi wa Ghati hajaingia! Mbuzi wa Ghati hajaingia!" Ghati akalia, wakalia wengine, na Wegesa akachukua debe akapiga ngoma ya mkono ili asubuhi isiharibike yote. Nilijaribu kuweka sauti yangu. Ghati aliisikia, akazunguka nyuma ya kompyuta kutazama, akarudi, akanitazama mimi. "Hiyo si ya kwetu," akasema.

Wakati huo ndipo nilipoanza kumwona Marwa. Alikuwa kijana wa machimboni aliyepata, si haba. Alivaa jaketi la ngozi kwenye jua la saa saba na buti mpya alizozifuta kwa mkono kila akisimama. Alinifuata nikienda kuchukua sauti, akasimama mbali, akatazama. Nilidhani anangoja mahali pa kuchimba. Halafu nikadhani ananitaka mimi. Kumbe yote mawili sivyo. Siku moja alinisogelea getini.

"Mwalimu, nasikia kitufe cha mbuzi hakisemi. Mimi naweza kukisemesha."

"Wewe ni nani yake?"

"Baba yake. Wa damu."

Alijitolea haraka mno, bila kuuliza kijiti wala waya. Katika kijiji ambacho kila mtu alikodolea kijiti, huyu anafuata maiki mwenyewe? Nikamwambia betri imekwisha. Jioni Wegesa alinieleza mengine: kwamba Marwa anajenga mjini, mke wake hajajaliwa mtoto, na amekuwa akisema kilabuni kwamba nyumba bila mtoto ni stoo, naye mtoto wake yupo, amekaa bure kwa kikongwe. Nikamwuliza Wegesa ameyajuaje yote hayo. Akasema, "Nasikia." Na mimi nikaandika moyoni kwamba Wegesa anasikia sana mambo ya Marwa.

Kisha akaja Bwana Deo, mratibu wetu kutoka Mwanza, kukagua. Alikuwa mtu mchangamfu, wa kupigapiga watu mabega. Akakuta mbuzi mlangoni na ngoma haipigwi. Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, mila yote, ng'ombe, nyumba ntobhu, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza redio. Halafu akatoka nje kupunga upepo, na nani alikuwa amesimama getini na jaketi lake? Nilipotoka nilikuta maiki iko mkononi mwa Marwa. Kijiti hakikuhitajika. Bwana Deo akaiweka ile sauti kwenye kitufe yeye mwenyewe, akanipiga bega. "Umeona, Zaituni? Kazi ya dakika mbili. Mzazi ni mzazi. Mambo ya mila sisi hayatuhusu." Akapanda gari akaondoka na vumbi lake.

Asubuhi iliyofuata Ghati alifika na kilio chake cha kila siku. Watoto wakamwambia kitufe chake kimepona. Akabonyeza. Mbuzi akatoka kwenye nyumba ya nyasi, na sauti ya mwanaume asiyemjua ikajaza ghala: "Ghati, mimi ndiye baba yako, Marwa. Usilie. Nitakuja kukuchukua, tukakae mjini." Mbuzi akatembea, akaingia. Ngoma ikapigwa kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, wanyama wakacheza kwenye kioo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyecheza kwenye mkeka. Wegesa alisimama na kikombe cha uji mkononi, uji unamwagika. Ghati hakulia. Aliingia chini ya meza, akakaa amekumbatia magoti yake, na tulipogeuka kuwagawia wengine uji alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwao. Ule mchezo niliutengeneza ili mtoto asiogope.

Bibi Nyangi alikuja kabla uji haujapoa. Hakuingia. Alisimama mlangoni na fimbo, koti lake limeziba mwanga wote.

"Nilikuuliza unapima nini," akasema. "Ukaniambia hupimi kitu. Kumbe ulikuwa unapima watoto."

"Bibi, si mimi niliye..."

"Mashine ni ya nani?"

Watu wote kijijini walikuwa wamenishuku kwa jambo la uongo. Yeye peke yake alinishuku kwa jambo lililotokea. Alimtazama Wegesa, wakasemezana Kikurya maneno machache, akaondoka. Sikuelewa, na Wegesa hakunitafsiria. Nilichukua plasta nikaziba kitufe cha mbuzi, nikakizungushia tena na tena kama kidonda.

Ghati hakuja siku hiyo wala zilizofuata. Wakati huohuo Marwa alianza kutembea kifua mbele. Alisema kila mahali kwamba hata shule inamtambua, hata kompyuta ya wasomi inamtaja kwa jina, na kwamba Jumatatu atakuja na mwenyekiti wa kijiji asikie kwa masikio yake, kisha atamchukua mtoto wake. Watu walioamini kwamba kompyuta inaona dhahabu chini ya choo wangeshindwaje kuamini kwamba inamjua baba wa mtoto? Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto angechukuliwa kwa sababu ya mbuzi niliyemchora mimi.

Na hapohapo nikasikia nilichokisikia. Nilikuwa chumbani nachambua mchele, mchana, na nje ya jiko, upande wa pili wa ule ukuta mwembamba, Wegesa alikuwa akiongea na mwanaume. Ni Kikurya, lakini nilisikia jina la Ghati, nikasikia kompyuta, nikasikia Jumatatu. Nikachungulia. Marwa, anakunywa maziwa ya Wegesa! Anacheka! Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Basi ndiye anayempa habari zote. Jioni nilikula naye ugali kimya, nikapima kila tonge. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Tarime kumpigia simu Bwana Deo, nimwombe ruhusa ya kuifuta sauti ile. Akakataa. Sauti ya mzazi haifutwi, akasema, na kama siwezi kufuata utaratibu wa mradi wapo wanaoweza. Nilirudi Jumapili jioni. Ufunguo wa ghala alibaki nao Wegesa, na nilipofungua nikajua kuna mtu amekuwa humo. Betri niliyoiacha imejaa ilikuwa nusu. Maiki ilikuwa imewekwa kinyume na ninavyoiweka. Nikainusa, maana mimi nanusa vitu. Ilinuka tumbaku. Marwa alivuta sigara. Nikaelewa yote, au nikadhani hivyo: Wegesa amemfungulia mlango usiku wa kuamkia kesi, aongeze maneno mengine. Plasta kwenye kitufe ilikuwa bado imezungushwa, lakini si kwa mkono wangu. Sikuthubutu kuibandua na kusikiliza. Nilihofia nikisikia nitalazimika kufanya jambo, na sikujua jambo gani.

Jumatatu walikuja. Marwa na jaketi lake, na mwenyekiti, mzee mnene wa sauti ndogo aliyejifuta jasho kwa kofia. Robhi akaja na Ghati mgongoni, mkubwa wa kubebwa lakini amebebwa. Bibi Nyangi alikuja nyuma yao, akaketi nje kwenye benchi, ameupa mlango mgongo, kama mtu anayengoja mahindi yasagwe. Nikaenda kwenye betri, mkono wangu uko kwenye waya. Wegesa akanishika mkono huo, kwa nguvu. "Mwache mtoto abonyeze," akasema.

"Mwalimu," mwenyekiti akaniambia, "nimeelezwa kwamba mashine yenu inamjua baba wa mtoto huyu. Nimekuja kusikia."

Ghati alikataa kushuka. Robhi akamnong'oneza. Akashuka, akabandua plasta taratibu kwa kucha, akafumba macho, akabonyeza. Nyumba ya nyasi ikafunguka, mbuzi akatoka.

"Ghati. Wewe Ghati! Ni mimi Nyangi, mwenye nyumba. Ng'ombe waliomleta mama yako walitoka zizini kwangu mchana, kila mtu aliwaona. Wewe ni wa hapa. Sasa acha kulia. Kilio ni cha nyumbani, huko ni kucheza. Kunywa uji. Mimi nipo, siendi mahali." Halafu chafya, kubwa, ya ugoro, iliyofanya spika zikwaruze.

Mtoto mmoja akacheka. Wakacheka wawili, wakacheka wote. Ghati akafumbua macho. Mbuzi akatembea, akaingia darasani, ngoma ikalia, na mwenye fisi akaruka kwenye mkeka, wakaruka wengine, vumbi la mahindi likatimka. Marwa alikuwa anapiga kelele kwamba wameichezea mashine, kwamba yeye alikuwa humo. Mwenyekiti akangoja ngoma iishe.

"Mura, kijana," akamwambia, kwa ile sauti yake ndogo, "mimi hapa nimesikia ng'ombe. Wako wako wapi?"

"Mwenyekiti, mimi nina hela."

"Sikuuliza hela. Naulizia ng'ombe walioingia kwa kina Robhi."

Marwa alimtazama Robhi. Mwenyekiti naye akamtazama. "Na wewe, mama?"

"Mimi niko kwa Nyangi," Robhi akasema, macho chini. Mpaka leo sijui kama ulikuwa moyo wake wote uliosema, na sitaki kumsemea. Bibi Nyangi hakugeuka. Alisimama, akakung'uta koti, akaenda zake.

Kesho yake Ghati alifika wa kwanza. Getini alimwachia Robhi mkono mwenyewe. Alitaka chafya. Darasa zima lilitaka chafya, na kwa mwezi mzima watoto wote wa Nyamwaga walipiga chafya kama wazee wa ugoro. Nilimwuliza Wegesa amefanyaje, na aliniambia, "Kwani uliniona nikifanya nini?" Mradi ulifungwa mwisho wa mwaka, Bwana Deo akachukua kompyuta yake, nami nikabaki na nakala ya sauti ya Nyangi, na ile tabia ya kunusa vitu.

Msibani nilimkuta Wegesa, mzee sasa, fimbo mkononi, tukaketi pamoja upande wa jiko. Ndugu wawili wa Ghati, watoto wa kiume wa ile nyumba, walikuwa wamemaliza kaburi na wanaosha majembe. Marwa alikuwepo. Ndiyo, alikuwepo, jaketi lilishaisha zamani na dhahabu nayo, anapanga viti. Nilimkodolea macho mpaka Wegesa akanigusa. "Mwache. Amekuja kuzika."

"Siku ile alikuwa anakunywa maziwa yako," nikasema. Nilikuwa nimelibeba miaka yote.

"Nilikuwa namwambia amlete mwenyekiti. Alitaka kuja peke yake amchukue mtoto tu. Nikamwambia, mwanaume kamili analeta shahidi." Akacheka kwa meno yake machache. "Nyangi nilimpeleka mimi ghalani, Jumapili watu wakiwa kanisani. Mashine nilikuwa nimekuona ukiitumia kila siku, mimi si kipofu. Hakutaka. Nikamwambia, yule ameketi kwenye kigoda chako, utakiacha? Akavuta ugoro kwanza apate nguvu. Wewe sikukwambia kwa sababu uso wako hausitiri kitu."

Ghati akatoka jikoni, mwanamke mzima, ameolewa Machochwe, kanga imefungwa kiunoni kwa kazi. Akanipa shikamoo, akaketi. Nilimwuliza moja kwa moja sauti anaitakia nini, na nani anamdai. Alinishangaa.

"Mwalimu, nani anidai? Ni huyu." Akamvuta mtoto aliyekuwa amejificha nyuma yake, msichana mdogo, kamasi na macho mekundu. "Huyu ndiye Nyangi wangu. Ameanza darasa la awali Januari, analia getini kila siku. Nilitaka nimpeleke kwa bibi amsemeshe. Nikachelewa."

Nilitoa simu. Akina mama waliokuwa wanamenya ndizi waliposikia "Wewe Ghati!" visu vilisimama. Sauti ikasema yote, ng'ombe, uji, siendi mahali. Robhi, mwenye mvi, alifunika uso kwa kanga. Kisha chafya. Mtoto alitazama mlango wa nyumba, akatazama simu, akatutazama sisi watu wazima tunaolia.

"Tena," akasema.

Nikampa Ghati simu. Nikafungua leso nikampa na kikadi, nikamwambia na jina la mdogo wangu anayetunza ile nyingine, akaichukue. Sikubakiza. Mtoto alikuwa ameshajua pa kubonyeza. Bibi Nyangi akapiga chafya.